Betri Kati ya Nguru

Mama mkwe aliomba kitu kimoja tu: fimbo tatu za pazia ziwe zimepanda kabla wageni wa posa ya shemeji mdogo hawajafika, saa kumi. Tanga, mwezi wa pili, jua la saa sita. Nikaja na drili ya chaji ya volti 18, betri moja, na kiburi cha kutosha mtaa mzima.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Madirisha matatu, vishikio viwili kila dirisha, skrubu mbili kila kishikio: matundu 12 ya milimita 8, kina sentimita 5. Kwenye tofali la saruji hiyo ni kazi ya kumaliza chai haijapoa. Ila fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha, na pale juu hapana tofali, pana linta: zege na nondo. Drili ndogo ikikutana na zege huvuta umeme mwingi na betri huchemka. Fundi mwenye akili huazima drili ya waya yenye kugonga. Mimi nikaongeza kusukuma.

Tundu la tano, drili ikazima ghafla. Mashine hizi hujikatia umeme kwa sababu tatu: chaji imeshuka mno, mzigo umezidi, au joto limepanda mno. Betri yenyewe ina kitufe cha vitaa vya chaji. Ningekibonyeza ningeona viwili kati ya vinne bado vinawaka. Badala yake nikavuta kidude cha drili mara nane, kama mtu agongaye duka lililofungwa, kisha nikatangaza: "Imeisha."

Nikaipachika kwenye chaja, chaja nikaiweka dirishani, juani. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Kwa chaja ile maana yake betri ina joto, subiri. Ndani mna kipima joto, na chaja nyingi hukataa betri iliyopita nyuzi 40 na kitu. Nusu saa kivulini ingetosha. Lakini saa nane ilikuwa inaninyemelea, nami nikanyemelea jikoni, nikafungua friza, nikailaza betri kati ya vipande vya nguru.

(Friza ni wazo bovu mara mbili. Kitu baridi kikitoka kwenye hewa ya pwani hutota jasho, na jasho hilo hukaa juu ya vyuma vya umeme. Tena ukiichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu haiingii ndani ya anodi (upande hasi wa seli) inavyotakiwa. Hujipaka juu yake kama utando wa chuma, na huo huweza kuzaa shoti ya ndani siku za mbele.)

"Mkwe wangu," sauti ikatoka jikoni, "hiki kinacholala na samaki wangu ni chako?"

"Ni changu, mama. Kinapumzika."

Akina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaacha kumenya. Nikaichukua kwa aibu, nikaipangusa kwa shati, nikaitumbukiza mfuko wa kulia wa suruali, nikarudi ngaziani kupima vishikio. Mfuko huohuo ulikuwa na skrubu saba za inchi 2 na funguo za nyumba.

Vyuma vya betri hizi vimejificha ndani ya mifereji myembamba. Kidole hakipiti. Ufunguo hupita kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo. Kuna kifuniko cha plastiki cha kuziba mifereji. Changu mtoto alikigeuza gari. Na betri nyingi za namna hii hazina ndani yake swichi ya kuzuia umeme unaotoka, kazi hiyo imeachiwa drili. Ikiwa mfukoni, seli tano zilizofuatana humwaga ampea makumi kwa makumi kupitia chuma chochote kilichojipendekeza. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta kama ampea 9.

Kwanza nilihisi uvuguvugu, nikasema jua hilo. Kisha harufu ya kitambaa. Kisha paja likapiga kelele kabla ya mdomo. Sikushuka ngazi, ngazi ilinishusha. Mkanda, ambao siku zote hulegea wenyewe, siku hiyo ukakaza. Suruali iliporuka uani, akina mama wa viazi walikuwa wameshajifunika nyuso kwa kanga, wakichungulia.

Shemeji mkubwa, fundi umeme, aliiburuta suruali kwa mpini wa jembe hadi kwenye mchanga mtupu, mbali na ukuta wa makuti, akaweka ndoo za maji karibu na kukataza watu kusogea hadi usiku. Seli iliyopata shoti yaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, na maji ndiyo huipoza. Mama mkwe akaja na dawa ya meno ya kunipaka; shemeji akaizuia, akaniweka chini ya bomba dakika 20 kamili. Baadaye akaziba mifereji ya betri kwa selotepu ya umeme, na haikuonja chaji tena, ingawa kwa macho ilikuwa nzima.

Matundu saba yaliyobaki aliyamaliza kwa drili ya waya katika robo saa.

Wageni wa posa walinikuta mlangoni nimevaa kanga ya mama mkwe, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Wakadhani ni mapokezi. Wakakaribishwa mkekani, wakaletewa wali na nguru wa kupaka. Nilikula nimesimama.