Mfungwa Aliyechorwa na Mlinzi Wake

Mwezi Aprili 1830, Mwanamfalme Diponegoro wa kisiwa cha Java, aliyeongoza vita dhidi ya Waholanzi waliotawala visiwa vya Indonesia ya leo, alikuwa amefungiwa katika jengo la serikali ya mji wa Batavia (Jakarta ya leo), ambalo leo ni makumbusho ya historia ya Jakarta, akisubiri meli ya kumpeleka uhamishoni Manado, kisiwani Sulawesi. Tarehe 28 Machi alikuwa amekwenda mji wa Magelang kuzungumza na Jenerali De Kock wa Uholanzi, akakamatwa papo hapo. Ndivyo vilivyokwisha Vita vya Java, miaka mitano iliyoua Wajava wapatao 200,000. Ofisa mwenye dhamana ya mfungwa huyo Batavia, Adrianus Johannes Bik, alikuwa fundi wa kuchora. Aliletwa visiwani kama mchoraji wa Reinwardt, yule mwanasayansi aliyeanzisha bustani ya mimea ya Bogor. Basi akamchora.

Mchoro wenyewe, uliohifadhiwa Rijksmuseum mjini Amsterdam, unamwonyesha mtu wa kilemba na joho, kitambaa kimepita begani, kris (jambia la Kijava) kiunoni. Mashavu yamebonyea, maana malaria ilikuwa imemwandama. Je, tuutazame kama ushahidi au kama nyara?

Wanaoulaumu wana hoja nzito. Aliyeshika penseli ndiye aliyeshika ufunguo. Mfungwa hana nafasi ya kusema leo sitaki kuchorwa, wala hachagui picha yake iende wapi. Mwaka 1835 sura hiyo ilichapwa kwa litografia (uchapaji wa picha kwa jiwe), adui aliyeshindwa akawa kitu cha kutazamwa na watu ambao hawakuwahi kumwogopa.

Hata hivyo, uweke mchoro huo kando ya picha kubwa ya rangi ya Mholanzi Nicolaas Pieneman, inayomwonyesha Diponegoro akisalimu amri mbele ya bendera ya Uholanzi. Pieneman hakuwahi kukanyaga Java. Raden Saleh, Mjava aliyesomea uchoraji Ulaya, alimjibu mwaka 1857 kwa picha ya tukio lilelile, safari hii mwanamfalme akiwa amekaza uso kwa hasira. Mimi naipenda zaidi hiyo ya pili, lakini Raden Saleh naye alikuwa Ulaya siku ya kukamatwa. Kati ya hao watatu, tunayejua kwa hakika kuwa alichora akimtazama mfungwa huyo ni Bik. Tena hakumpunguzia hadhi: kris ameiacha mahali pake, na unyonge uliopo ni wa ugonjwa.

Kwa maoni yangu, lawama inawastahili zaidi wachoraji wa namna nyingine. Miaka ya 1850 Auguste van Pers alitoa mfululizo wa litografia za “aina” za watu wa visiwa hivyo, wakitambulishwa kwa kabila au kazi zao. Majina yao hayakuonekana kuwa na maana. Mtetezi atasema picha za namna hiyo zimetuhifadhia mavazi na zana za kazi ambazo leo mtafiti angezitafuta kwa tochi, na ni kweli. Lakini faida hiyo ni ya mtafiti. Mjukuu wa aliyechorwa hawezi kumtambua babu yake humo hata akikodolea macho mwaka mzima.

Diponegoro hakuhitaji kusemewa na Bik. Kule Manado, mwaka 1831 na 1832, alisimulia maisha yake mwenyewe katika babad (masimulizi ya historia ya Kijava) ndefu ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2013 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mchoro wa mlinzi unaweza kusomwa sambamba na maneno ya mfungwa. Indonesia ilipopata uhuru iliiweka sura yake kwenye noti, bila kungoja ruhusa ya Amsterdam.

Linabaki suala la kurudisha. Kris yake moja ilikabidhiwa Indonesia Machi 2020, na mwaka 2023 Uholanzi ikarudisha vitu 478, zikiwemo hazina za kisiwa cha Lombok. Kwa kris hakuna mjadala: ilikuwa mali yake, ikamtoka kwa sababu ya vita. Karatasi ya Bik haikuporwa kwa mtu, kwa hiyo sioni kama inaingia kwenye fungu hilo. Ninalodai ni dogo zaidi na halihitaji mkataba wa serikali mbili: popote mchoro huo unapoonyeshwa, maelezo yake yaseme kwamba aliyechorwa alikuwa kifungoni na aliyechora alikuwa ndiye mwenye dhamana ya kumlinda.