Kipanga haulizi swali

Shuleni kwetu mwanafunzi hodari aliitwa kipanga. Aliyekuwa mkiani aliitwa kilaza. Waliokuwa katikati hawakuwa na jina, ingawa huko ndiko tulikokuwa wengi. Neno kipanga nimekuja kulichunguza nikiwa mtu mzima. Ni ndege wa juu mwenye macho makali, sawa, lakini anachojulikana nacho zaidi ni kunyakua vifaranga vya watu. Aliyebuni jina hilo alikuwa anasifu na kushuku kwa mpigo mmoja.

Mimi nilikuwa kipanga kwa mwaka mmoja na nusu. Ulifanyika mtihani wa mchujo, na Jumatatu iliyofuata majina 12 yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tukahamishiwa chumba cha jirani na maabara, chenye viti vizima na mapazia. Humo tungesoma hesabu na fizikia za mwaka wa mbele. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya shule nzima akasema sisi ndio "macho ya shule". (Wale wengine, kama ni hivyo, walikuwa kiungo gani? Hakuna aliyethubutu kuuliza.) Mapazia yale yalituponza kuliko fizikia. Fizikia ya mwaka wa mbele hakuna aliyeionea gere, ila mapazia yalionekana kutoka uwanjani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa dawati moja na kijana mmoja kwa miaka miwili. Mimi nilimweleza hesabu, yeye alinisahihishia insha, maana alikuwa na sikio la lugha ambalo mimi sijalipata mpaka leo. Majina yalipobandikwa aliacha kuniuliza. Hakununa wala hakunisema vibaya, na salamu tulipeana kama kawaida. Aliacha tu kuja na daftari. Na mimi, ambaye insha zangu bado zilikuwa zinachechemea, niliona haya kumpelekea. Kipanga anayebeba insha yake kwenda kuomba msaada darasa la kawaida ni kipanga gani huyo?

Nilipolisema jambo hili nyumbani, mama alinifariji kwa methali: "Mti wenye matunda ndio hupopolewa mawe, mwanangu." Nikaimeza nzimanzima. Ni methali tamu sana kwa aliyeambiwa kwamba yeye ndiye mti. Ubaya wake ni kwamba inakuondolea kazi ya kufikiri. Kila anayenyamaza ukipita unamhesabu kuwa ameficha jiwe mkononi. Nimewasikia wazazi wengi wakiwaambia watoto wao maneno hayohayo, au ndugu yake mfupi zaidi, "wanakuonea wivu tu," na mtoto anarudi shuleni akiwa na maadui 40 ambao jana yake walikuwa wenzake.

Wivu upo, sikatai. Lakini nadhani tunautwisha mzigo usio wake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Marekani, Abraham Tannenbaum, alitoa matokeo ya uchunguzi alioufanya kwa vijana wa sekondari mjini New York. Aliwapa maelezo ya wanafunzi 8 wa kubuni, akachanganya sifa tatu: huyu ana akili nyingi au za wastani, anajisomea sana au hajisomei sana, anapenda michezo au hapendi. Aliyependwa kuliko wote alikuwa mwenye akili nyingi, asiyejisomea sana, mwanamichezo. Aliyeshika mkia alikuwa mwenye akili nyingi, anayejisomea sana, asiyecheza. Hebu watazame vizuri hao wawili. Wa kwanza na wa mwisho wote wana akili nyingi. Hata yule wa akili za wastani anayejisomea na asiyecheza alipendwa kuliko huyu wa mwisho.

Kwa hiyo kosa halikuwa akili. Akili iliyomdondokea mtu kama mvua inasameheka, kwa sababu mvua haimlaumu mtu. Ile inayotafutwa kwa kukesha ndiyo inayokera, kwa kuwa inamfanya jirani ajiulize mbona yeye jana alilala.

Sisi tulilijua hilo bila kusubiri mtafiti. Bwenini kwetu kupiga msuli kulikuwa jambo la siri kama wizi. Nilisoma chini ya shuka kwa tochi, asubuhi nikipiga miayo nasema, "Sijagusa hata daftari." Mwenzangu wa kitanda cha juu, kipanga pia, alikuwa na tochi yake na miayo yake. Tulidanganyana kila siku, kila mmoja akijua. Tuliowadanganya kweli ni wale waliotusikia wakaamini, wakajipima na watu wanaofaulu bila kusoma, wakahitimisha kwamba wao hawakuumbwa hivyo. Kama kuna dhambi moja ya vipanga ninayoijutia, ni hii ya kuficha jasho. Tulijipatia kupendwa kidogo, wenzetu wakalipa.

Halafu nikapata 31 kwenye jaribio la kemia.

Karatasi niliikunja mara nne nikaitia ndani ya soksi. Walioniuliza niliwaambia nimepata 61, na nilishangaa jinsi uongo huo ulivyotoka bila kukwaruza koo. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za majaribio ya wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, yaliyochapishwa mwaka 1998, nikajiona humo. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo wakayafanya vizuri. Baadhi yao wakasifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Baadaye walitakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine na kutaja alama walizopata. Waliosifiwa akili, karibu asilimia 40 waliandika alama kubwa kuliko walizopata. Waliosifiwa juhudi, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 13 hivi. Na hiyo ilikuwa sentensi moja tu ya sifa, kutoka kwa mtu ambaye mtoto hakumfahamu. Sisi tulikuwa na ubao wa matangazo, mapazia, na macho ya shule.

Uongo wangu haukumaliza siku mbili. Soksi zilifuliwa, karatasi ikaonekana. Asubuhi iliyofuata tulikuta ubaoni kwetu maandishi makubwa ya chaki: ALIYE JUU MNGOJE CHINI, na chini yake 31. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na shangwe kama za fainali. Niliumia, na kwa muda mrefu niliitumia siku ile kuwa ushahidi kwamba mama alisema kweli kuhusu mawe.

Siku hizi naisoma tofauti. Orodha yenye majina 12 ni barua kwa watu 12, lakini inabandikwa mahali ambapo watu 200 wataisoma, na wale 188 wanasoma kitu kimoja tu: jina langu halimo. Hakuna aliyewaandikia maelezo. Hakuna aliyewaambia kama watapimwa tena lini, au walipungukiwa na nini, au kama walichokosa ni hesabu za mwaka wa mbele au ni akili yenyewe. Wakajijazia. Namna wanavyotuona vipanga kwa kiasi kikubwa ni jibu la barua ile. Kipanga akipata 31, kwao ni ushahidi kwamba aliyeandika barua anaweza kukosea, na mtu aliyehukumiwa bila kusikilizwa ana haki ya kufurahi hakimu anapoteleza. Mimi nilikuwa tu ganda la ndizi.

Na huyo hakimu kweli hukosea. Mfano unaojulikana sana ni wa mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza mwaka 1921 kukusanya watoto zaidi ya 1,400 wa California wenye alama za juu za kipimo cha akili ili awafuatilie maisha yao yote. Wavulana wawili waliopimwa hawakufikia kiwango wakaachwa nje: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata. Simdharau Terman kwa hilo; kipimo chochote lazima kikatie mahali. Ninachosema ni kwamba mstari wa mkato ni mwembamba kuliko tunavyouchora, na baada ya kuchorwa unageuka ukuta.

Kwetu ukuta ulijengwa kutoka pande zote mbili, na hapa sina budi kujisema. Madarasa ya kawaida yalikuwa chini kidogo ya mteremko. Haikupita wiki tukaanza kuyaita "bondeni". "Hilo swali la bondeni." "Leo umevaa kibondeni." Tulicheka sana. Wenzetu wakisema tunajisikia, tulisema tunaonewa. Nikiwakumbuka vipanga wenzangu leo, najua wengi wetu tulikuwa waoga zaidi ya kuwa na kiburi. Nje nilikuwa wa 2 au wa 3 kati ya 50. Humo ndani nikawa wa 9 kati ya 12, tena kwa kujikongoja. Mwanasaikolojia wa elimu Herbert Marsh na wenzake wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980: mwanafunzi yuleyule, mwenye uwezo uleule, hujiona dhaifu zaidi akizungukwa na hodari watupu. Anayejiona anazama ndiye anayehitaji sana kuwa na bonde la kulidharau. Hilo ni elezo, halitufutii kosa.

Nisieleweke kwamba nataka madarasa ya juu yafutwe. Mtoto anayemaliza zoezi kwa dakika 10 kisha akakodolea dari macho kwa dakika 30 anapoteza utoto wake, na nimewaona watoto kama hao wakigeuka wakorofi kwa sababu tu ya uchovu wa kungoja. Wapewe kazi ya kiwango chao. Ugomvi wangu ni na mapazia: kumhamisha mtoto mzimamzima, masomo yote, mchana kutwa, kana kwamba aliye mwepesi wa hesabu ni mwepesi wa kila kitu. Si lazima iwe hivyo. Kozi za AP (Advanced Placement) za Marekani, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, zilizoanza miaka ya 1950, huchukuliwa somo kwa somo: mwanafunzi anaweza kuwa kwenye historia ya kiwango cha chuo saa tatu, na saa nne akawa na wenzake wote kwenye hesabu ya kawaida, akihangaika kama wao. Diploma ya IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa miaka ya mwisho ya sekondari ambao taasisi yake ilianzishwa Geneva mwaka 1968, imejengwa tofauti. Ni kifurushi cha miaka miwili, masomo 6, insha ndefu na shughuli za nje ya darasa. Sina neno na ubora wake, lakini kifurushi humfunga mtoto na wenzake walewale, na kikundi kinachokutana humohumo kila siku hakichelewi kupewa jina, kisha nacho kikawapa wengine jina.

Ningekuwa na mamlaka shuleni ningeanza na mambo madogo kabisa. Orodha isibandikwe, mtoto aitwe, aambiwe, na aliyekosa naye aitwe, aambiwe. Mlango ufunguliwe kila muhula, wa kuingia na wa kutoka, na kutoka kusiwe aibu. Na walimu waache ile kauli ya "hata wale wa darasa lile wangefanya hili kwa dakika mbili." Nimeisikia nikiwa ndani ya darasa lile. Hatukuwa tunafanya kwa dakika mbili.

Rafiki yangu wa dawati alinipigia simu mwaka jana. Tulikuwa hatujazungumza vya kutosha kwa muda mrefu. Katikati ya maongezi akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kwenye ule mchujo yeye alikuwa wa 13. Mwalimu alimnong'oneza siku ileile. Alama 2. "Ndiyo maana sikuja tena na daftari," akasema. "Niliona kama nitakuwa naomba kuingia kwa mlango wa nyuma. Halafu na wewe insha zako hukuzileta, nikajua umepata wa kukusahihishia."

"Sikupata," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka, ingawa si sana. Kilichomfanya apige simu ni binti yake. Amechaguliwa kuingia darasa la juu na amekuwa halali vizuri. Akampa simu azungumze na baba mdogo aliyewahi kukaa humo. Nilijiandaa kumweleza habari za ratiba na mitihani. Yeye alikuwa na swali moja: akikwama humo ndani, amuulize nani, maana wote watakuwa wanajua.

Nikamwambia amuulize aliyekuwa akimuuliza siku zote.

"Huyo hakuchaguliwa, baba mdogo."

"Ndiyo," nikasema. "Huyohuyo."