Sikuketi, Niliketishwa

Wale mlionitumia "pole sana" ikifuatwa na vikatuni vitano vya kucheka, nimewaona. Majina ninayo.

Fundi wa spika, rafiki yangu wa miaka na mikaka, ndiye aliyeisambaza habari hii kwenye magrupu yote ya Nakuru, likiwemo la wazazi wa darasa la mwanangu. Kwa toleo lake, mimi mpambaji wa harusi nilikuwa nimeduwaa nikimkodolea macho bwana harusi, nikarudi kinyumenyume, nikakalia kaktasi. Uongo mtupu. Mimi sikuketi, niliketishwa. Na kwa kuwa tangu Jumamosi nalala kifudifudi na kazi yangu ni simu tu, acheni niseme mwenyewe.

Bibi harusi alitaka jangwa.

Alinitumia picha arobaini na kitu, na ukizitazama vizuri ni majangwa matatu yaliyoozeshwa kwa nguvu. Kuna ngamia na mahema ya Sahara. Kuna vile vilima vyekundu vya mchanga vya Namibia. Halafu katikati imesimama ile kaktasi ndefu iliyoinua mikono kama mtu aliyevamiwa na majambazi, ambayo kwao ni Arizona na Mexico, na huweza kumaliza miaka 50 na zaidi kabla ya kuchipua mkono wa kwanza. Harusi ilikuwa imebakisha wiki tatu.

Babake, mwalimu mstaafu aliyefundisha kule Marsabit, pembeni mwa jangwa la Chalbi, alitusikiliza hadi mwisho kisha akavua miwani. "Kwa hiyo wanangu, mnalipa pesa ili jangwa lije hapa? Mimi serikali ilinipa marupurupu ndiyo nikubali kwenda kukaa huko." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba hata jina Nakuru lenyewe limetoka kwa Wamaasai, maana yake mahali pa vumbi, kwa hiyo tungoje tu Februari ifike, tutapata jangwa la bure. Akavaa miwani, akarudi kwenye gazeti lake. Mzee yule, nawaambieni, ni nabii.

Nikaingia kazini. Mnione nimeanguka, sawa, lakini mapambo yalikuwa mapambo. Yale manyasi ya manyoya ya kwenye picha bei yake ni ya kununulia mbuzi, nikachukua mabua ya ngano kutoka Njoro na matete makavu, nikayafunga mafungu mafungu. Vitambaa rangi ya matofali, krimu na kahawia. Mikeka chini, kandili juu ya meza, vyungu vya udongo kila kona. Tao la kuingilia tulilijenga kwa matawi makavu, kisha nikalivisha shifoni ndefu, mita kumi na mbili (ishikeni hiyo shifoni akilini). Na mchanga: lori zima la tani 7, tukauchekecha siku mbili kuondoa kokoto, tukautandaza uani kwao Kiamunyi, juu ya nyasi ambazo mama bibi harusi amezilea kama watoto. Mama alitazama, akasema tu, "Utatoka, sivyo?" Nikamwambia, mama, huu unatoka siku moja.

Ikabaki kaktasi. Kijana wangu wa kazi akapendekeza tukate ule mti wa uzio wenye mikono na maziwa, kwa mbali unafanana kabisa. Nikampa somo. Nikamwambia ule si kaktasi, ule ni euforbia, jamaa ya ule msitu ulio ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, na utomvu wake ukikuingia jichoni harusi utaisikia kwa masimulizi. Kaktasi asili yake ni Amerika, nikasema, lazima tutafute ya ukweli. Nilijisifu siku nzima kwa usalama niliouleta.

Ya ukweli ilitoka Laikipia. Huko mpungate, kaktasi ya kweli hiyo, umevamia malisho hadi wafugaji wameuchoka. Mifugo ikila matunda yake inaumia midomo, kwa hiyo ukiomba unapewa na kusaidiwa kubeba. Nikapata vyungu sita bila kutoa shilingi. Mipungate miwili mikubwa nikaiweka kila mmoja upande wake wa tao. Imejaa, imenawiri, ina matunda mekundu. Warembo!

Sasa Jumamosi, saa tisa na robo. Watu mia tatu na ushei wamesimama wakisubiri maharusi waingie. Kwaya imeshaanza. Emsii ana maikrofoni. Mimi niko kwenye tao nainyoosha shifoni kwa mara ya mwisho, mkono mmoja juu, mwingine kiunoni, maana mpambaji lazima naye aonekane.

Nikasikia watoto wanapiga kelele upande wa barabara. Nikageuka. Kisulisuli. Kimetoka upande wa Menengai, kimekunywa vumbi la barabara yote, chembamba, kirefu, kinakuja kinazunguka taratibu na mifuko ya chipsi ndani yake. Emsii, Mungu amsamehe, akasema, "Na upepo wa baraka huo, unakuja kuwasalimu maharusi!" Watu wakapiga vigelegele.

Ningeiachilia shifoni, leo ningekuwa nimeketi kama nyinyi. Lakini nimeikodisha. Nikaishika kwa mikono miwili.

Kisulisuli kikaingia chini ya kitambaa, kikakijaza. Wale mmewahi kuona mashua kule Dunga, ziwani Kisumu, ikishika upepo, ndivyo hivyo, ila mashua ni mimi. Hatua ya kwanza nyuma: kiatu kikazama mchangani. Ya pili: kiatu kikabaki, mguu ukaja. Ya tatu sikuipiga mimi, ilipigwa kwa niaba yangu. Nikahisi ukingo wa chungu nyuma ya goti. Nakumbuka niliwaza, kwa utulivu kabisa, "Hiki ni chungu gani?"

Mlio wake ni kama mtu anayevunja tango bichi.

Kwa sekunde mbili hakuna maumivu, kuna ubaridi tu. Vumbi likatulia. Kwaya ikanyamaza, soprano mmoja akabaki peke yake na noti yake. Watu mia tatu wananitazama, nami nimeketi ndani ya chungu, wima, nimefunikwa shifoni hadi kichwani kama bibi harusi wa pili. Maharusi wenyewe wako hatua kumi mbele yangu, wameganda. Na emsii, akijaribu kuokoa mambo, akatangaza:

"Mpambaji ameketi, nasi sote tuketi."

Wakaketi! Wote! Kanisa zima la watu, viti vikalia mara moja.

Hapo ndipo ubaridi ulipoisha.

Miiba mikubwa ya mpungate ni ya kiungwana, unaiona, unaing'oa. Shida ni ile midogo kama manyoya ya kiwavi, yenye vijino vya kurudi nyuma kama ndoana, mamia kwa mamia, inapita kwenye nguo kana kwamba nguo haipo. Mashangazi watatu wakaninyanyua, wakanipeleka nyuma ya hema, nikalazwa juu ya mabua yangu mwenyewe ya ngano. Mpambaji wa nyuso akaja na kibano cha nyusi, akahesabu hadi sitini akaacha kuhesabu. Kisha akaomba gundi yangu ya kazi, akapaka, akabandika kitambaa, akangoja ikauke, akavuta. Nilichosema hapo mashangazi wameapa kutorudia. Fundi wa spika anadai maikrofoni ilikuwa karibu. Sijamuuliza zaidi.

Mengine ni ya kawaida: keki ilikatwa, picha zimetoka nzuri, nilirudi nyumbani nyuma ya pikapu nimelala na vyungu vitano vilivyobaki vikinitazama. Mzee alikuja kuniaga. Akaniambia, "Pole, mwanangu," akageuka haraka, mabega yakimtikisika.

Mama bibi harusi amenipigia leo asubuhi. Nilidhani ni pole pia. Anauliza mchanga unatoka lini, nyasi zake zimeanza kugeuka manjano. Nimemwambia nakuja, mama, siku nitakayoweza kuketi kwenye gari.