Moto wa kiwandani: kabla ya kugombania nyuzi ngapi, tuangalie joto linafikaje katikati

Kuna mvutano ambao ukifuatilia tafiti za uhandisi wa chakula lazima utakutana nao. Upande mmoja wanasema viwanda vinapika chakula kupita kiasi, vitamini zinapotea, ladha inakufa, mboga inatoka kwenye kopo imelegea na imebadilika rangi, kwa hiyo watafiti watafute namna ya kupunguza joto. Upande wa pili wanasema msiguse chochote, hayo masharti ya joto yalikuja baada ya watu kufa na anayetaka kuyalegeza hajui anachochezea. Mi nimesoma hoja za pande zote kwa muda sasa na nakiri kila upande una ukweli wake, ila naona wanavutana kwenye namba wakati shida kubwa iko sehemu nyingine, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hofu yenyewe maana ina msingi. Clostridium botulinum ni bakteria wa kwenye udongo, mazingira yakiwa mabaya anajifunga ndani ya spora, kitu kama mbegu yenye ganda gumu, na spora hiyo inaweza kukaa kwenye maji yanayochemka kwa masaa isife. Sasa mfungie kwenye kopo lisilo na hewa, chakula chenyewe kisiwe na uchachu wa kutosha, yaani pH iwe juu ya 4.6, hapo anaamka, anazaliana na kutoa sumu ambayo kiasi kidogo sana kinapooza misuli mpaka ya kupumulia. Marekani mwaka 1919 na 1920 watu walikufa kwa kula zeituni za kusindikwa kutoka California, na baada ya hapo ndo utafiti ukashika kasi kwelikweli. Mwaka 1922 watafiti Esty na Meyer wakachapisha vipimo vyao vya spora hizo zinavumilia joto kiasi gani, na karibu na wakati huohuo Bigelow na wenzake (1920) na Ball (1923) wakaleta hesabu za kujua joto linaingiaje ndani ya kopo. Karne imepita na bado viwanda duniani vinasimama juu ya kazi ya watu hao.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Kwenye nyuzi 121 za sentigredi, kila zikipita sekunde kama 12 au 13 hivi, spora zilizo hai zinapungua mpaka inabaki moja kati ya kumi. Rudia hivyo mara 12, unapata kama dakika mbili na nusu. Maana yake ukichukua makopo trilioni 1, kila moja lina spora moja, ukimaliza kuyapasha inatakiwa libaki kopo moja tu lenye spora hai. Hiyo ndo wanaita kupunguza mara 12, na wanaotaka joto lishuke wanauliza, kweli kuna nani anaanza na chakula kichafu kiasi hicho? Swali zuri, nitalirudia.

Ila kwanza niseme kitu ambacho wengi hawakijui. Viwanda mara nyingi haviishii kwenye hizo dakika mbili na nusu, vinaenda 3, vingine 6 na zaidi, na watu wakiona hivyo wanadhani ni uoga wa botulinum. Sio hivyo. Kuna spora nyingine, kwa mfano za Geobacillus stearothermophilus, hazimdhuru mtu lakini zinachachusha chakula, na ni ngumu kuliko za botulinum mara nyingi tu, kuipunguza mpaka moja ya kumi inataka dakika kama 4 au 5 kwenye nyuzi hizohizo 121. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moto wa ziada unalinda mzigo usiharibike ghalani, mlaji yeye alishalindwa zamani. Na kwa vile bakteria huyo anakua kwenye joto kali tu, juu ya nyuzi 40 hivi, mwenye malighafi safi na ghala lisilo na joto ana haki ya kuuliza kama dakika zote hizo anazihitaji. Hapa upande wa kupunguza wananishawishi kabisa.

Wananishawishi pia kwenye virutubisho, ila kwa sharti. Thiamini (vitamini B1) na vitamini C zinapungua kwa joto, hilo halina ubishi. Uzuri ni kwamba spora na vitamini hazifi kwa mwendo mmoja. Ukiongeza nyuzi 10, spora zinakufa haraka mara 10, lakini vitamini inaharibika haraka mara 2 au 3 tu. Ndo maana kile kinachofanyika kwa dakika mbili na nusu kwenye nyuzi 121, ukipanda hadi 131 kinachukua sekunde 15, na ukifika 141 ni sekunde moja na nusu, na katika muda huo mfupi vitamini haijapata nafasi ya kuharibika sana. Maziwa ya UHT, yale yanayopashwa joto kali sana kwa sekunde chache, yamejengwa juu ya siri hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema "joto kubwa ni baya kwa virutubisho" amekosea nusu nzima ya jambo, maana joto kubwa zaidi likiwa fupi zaidi linaacha virutubisho vingi kuliko joto dogo la muda mrefu. (Japo na penyewe kuna mpaka, maziwa yakikaa siku nyingi kwenye baridi kabla ya kupashwa, bakteria kama Pseudomonas wanaacha vimeng'enya ambavyo UHT haiviui, na baadaye maziwa yanakuwa machungu au yanaganda ndani ya pakiti.)

Alafu kuna hili la akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, linaletwa kila mara kwenye mjadala na linavuruga. Mwaka 2002 Waswidi walitangaza wameikuta kwenye vyakula vya wanga vilivyokaangwa na kuokwa, dunia ikashtuka, na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 ukatoa kanuni yenye viwango vya kulinganishia ili viwanda vijitahidi kuipunguza. Wasiwasi huo ni halali. Lakini akrilamaidi inatokana na asidi amino inayoitwa asparajini ikikutana na sukari kwenye joto la zaidi ya nyuzi 120 na ukavu, yaani pale chakula kinapogeuka rangi ya kahawia. Ni habari ya mafuta na tanuri. Kuichukua na kuipeleka kwenye mjadala wa makopo au maziwa, ambako maji ni mengi, ni kuchanganya mambo mawili tofauti. Na tusisahau joto lina faida nyingine kabisa, linaua lektini, protini za kwenye maharage mekundu ambazo zikibaki zinatapisha mtu vibaya sana, na likopeni, ile rangi nyekundu ya kwenye nyanya, inafyonzwa mwilini vizuri zaidi ikishapikwa.

Sasa nirudi kwenye lile swali, kwamba mara 12 ni nyingi mno, hakuna chakula kichafu hivyo. Wanaotetea wana jibu na ni jibu zito. Hesabu ya mara 12 inachukulia kwamba spora zinakufa kwa mstari ulionyooka, ila maabara inaweza kupima mshuko wa mara 5, 6 au 7 hivi, huko kwingine kote ni kuuendeleza mstari kwa rula. Watafiti Micha Peleg wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na van Boekel wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wameandika sana kwamba mistari mingi haijanyooka, mingine inapinda chini, mingine ina mkia, yaani wanabaki wachache wagumu ambao hawafi kwa kasi ya wenzao. Kama kuna mkia, basi ule ukingo mkubwa wa usalama unaoonekana kwenye karatasi ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kinachonigusa ni kwamba hoja hiyohiyo inatumiwa na pande zote mbili, mmoja anasema mstari umepinda chini kwa hiyo tunapika bure, mwingine anasema kuna mkia kwa hiyo tusithubutu, na wote wanaweza kuwa sahihi kwa bakteria tofauti. Kwa botulinum, mi sioni sababu ya kuubomoa ukingo huo kwa kutegemea mkunjo wa mstari uliochorwa na nukta chache za maabara.

Na ukingo haupo kwa ajili ya siku nzuri. Upo kwa siku ambayo valvu ya mvuke imekwama, kipimajoto kimedanganya, au mapande ya chakula yameshikana katikati ya kopo. Mwaka 2007 Marekani ilipata wagonjwa wa botulinum waliokula mchuzi wa makopo uliotengenezwa kiwandani huko Georgia, tukio ambalo halikuwa limetokea kwa miongo kadhaa kwa makopo ya viwandani kule, na uchunguzi ukakuta mitungi ya mvuke ya kupashia makopo haikuwa inafanya kazi sawasawa. Kanuni ilikuwepo, hesabu ilikuwepo, joto ndo halikufika.

Hapo ndo naona kiini cha mambo. Kwenye kopo la chakula kizito joto linasafiri polepole kutoka ukutani mpaka katikati, na namba zote za usalama zinahesabiwa kwenye ile nukta ya mwisho kupata joto. Wakati katikati inasubiri ifike nyuzi 121, chakula cha pembeni kimeshakaa kwenye joto hilo muda mrefu sana, kimepikwa kikapikwa tena. Ladha iliyokufa na vitamini zilizopotea nyingi ni za huko pembeni. Kwa hiyo walaji hawateswi na hizo dakika 3 za kuua spora, wanateswa na unene wa kopo! Na fizikia inasema kwenye chakula kisichotembea, ukipunguza unene nusu, muda wa joto kufika unashuka mpaka robo. Robo jamani. Ndo maana pakiti bapa zinatoa chakula kitamu kuliko kopo la duara lenye ujazo uleule, usalama ukiwa palepale, na ndo maana mitungi inayozungusha makopo wakati wa kupasha inafupisha kazi kwa vyakula vyenye mchuzi. Mikrowevu za viwandani nazo ziko njia hiyohiyo, zinaingiza joto ndani ya chakula moja kwa moja badala ya kungoja litoke ukutani, na mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington ulikubaliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2009. Shida ya mikrowevu inajulikana, joto halisambai sawasawa, lazima uthibitishe iko wapi nukta ya baridi na inabaki palepale pakiti hadi pakiti, na kazi hiyo ya kuithibitisha ndo utafiti wenyewe unaohitajika.

Msimamo wangu basi ni huu: pesa za utafiti ziende kufupisha safari ya joto, zisiende kupunguza idadi ya spora zinazouawa.

Kuhusu njia zisizotumia joto nitasema kidogo tu. Presha kubwa, megapaskali (MPa) 400 hadi 600, zaidi ya mara 3 ya presha ya kwenye kina kirefu kuliko vyote baharini, inaua bakteria wa kawaida vizuri na juisi inabaki na ladha ya tunda bichi. Lakini spora haiziui. Kwa hiyo chakula hicho kiwe na uchachu au kikae kwenye friji muda wote, na mtu akikuuzia teknolojia hiyo kama mbadala kamili wa moto ujue mzigo wa usalama ameuhamishia kwenye friji ya mlaji, ambako hakuna mhandisi anayeangalia.

Kitu kingine kinachonisumbua kwenye mjadala wote huu ni kwamba ajali kubwa nyingi hazikutokana na joto dogo. Aberdeen mwaka 1964 zaidi ya watu 400 waliugua taifodi, chanzo nyama ya kopo kutoka Argentina, na kopo lilipoozwa kwa maji ya mto yasiyosafishwa, bakteria wakaingia kupitia tundu dogo baada ya moto kumaliza kazi. Illinois mwaka 1985 zaidi ya watu 16,000 walithibitishwa kuambukizwa bakteria wa Salmonella kwa maziwa yaliyokuwa yamepita kwenye pasturaizesheni, na wachunguzi wakashuku maungio ya mabomba yaliyoruhusu maziwa mabichi kuchanganyika na yaliyopashwa. Ungeongeza nyuzi 10 kwenye mitambo hiyo, watu wangeugua vilevile. Na kuna sumu ambazo zikishatengenezwa moto wa kawaida hauzigusi, ya bakteria Staphylococcus, ya kutapisha ya bakteria Bacillus cereus, na sumukuvu pia, hapo suluhisho liko kabla ya jiko.

Pale ninapokiri sina jibu ni vyakula vikavu na vyenye mafuta mengi. Salmonella kwenye majimaji ya nyuzi 70 anakufa ndani ya sekunde chache, kwenye chokoleti anaweza kuhimili masaa kwenye joto hilohilo, kwa hiyo zile namba zote nzuri za kwenye vitabu vya makopo hazisaidii. Mwaka 2008 na 2009 siagi ya karanga ilisababisha Marekani wagonjwa zaidi ya 700 na vifo 9, na karanga zilikuwa zimekaangwa! Ukiongeza moto unaunguza bidhaa na akrilamaidi inaanza, ukiacha hivyo bakteria anabaki. Wanajaribu mvuke wa sekunde chache juu ya ganda, wanapima kwa bakteria mwingine, Enterococcus faecium, badala ya Salmonella ili wasiingize ugonjwa kiwandani, na mimi hapa ndipo ningependa kuona pande hizi mbili zikikaa meza moja, maana hapa anayetaka moto upungue na anayetaka uongezwe wote wamekwama pamoja.