Usituandikie "bunduki" tu

Niliwahi kusimama mbele ya kabati la kioo katika jumba moja la makumbusho. Silaha mbili zimelazwa pamoja, kibao kimoja: "Bunduki za zamani". Ya kwanza ilikuwa gobore, mdeki wake, yaani fimbo ya kushindilia, bado umechomekwa chini ya mtutu. Ya pili Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1871, yenye komeo la kuvuta. Niliumia. Anayeziita hizi kitu kimoja hawezi kumweleza mtoto ni nini kilichotupata.

Mwenye gobore husimama. Amimine baruti mdomoni mwa mtutu, atie goroli, ashindilie kwa mdeki, aweke fataki ya kuwashia baruti, ndipo alenge. Mwenye Mauser huvuta komeo, hutia risasi kwa nyuma, hufunga, hupiga, na yote hayo aweza kuyafanya akiwa amelala kifudifudi. Siri yake ni ganda la shaba: baruti ikiwaka, ganda hutanuka likaziba nyuma ya mtutu, moto usimrudie mpigaji usoni. Dreyse, bunduki ya Waprusia iliyotangulia, ilikuwa na risasi zenye ganda la karatasi na ilivuja moto sana, lakini hata hivyo iliwatesa Waaustria katika vita vya Königgrätz mwaka 1866, maana wao walikuwa bado wanashindilia.

Wakubwa wa Ulaya waliijua tofauti hiyo vizuri. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, nasi tukiwemo, ila gumegume, yaani bunduki za kale za kuwashwa kwa jiwe, na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba hadithi ya "mikuki dhidi ya bunduki" haitoshi. Bunduki tulikuwa nazo. Tulichonyimwa ni aina yake.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, kwa karibu mno, wengi wao wakiwa na mikuki, na askari hawakupata nafasi ya kutia risasi tena na tena. Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300 za msafara huo. Ushindi mkubwa, nami najivunia. Lakini gobore mhunzi wa kijijini aliweza kulitengeneza, na likikosa goroli likala kipande chochote cha chuma. Mauser ilitaka ganda lake lile lile, na ganda hilo lilitoka kiwandani, ng'ambo ya bahari.