Mama Mkwe na Spika Iliyogoma

Spika yetu janja haikufa ghafla. Ilianza kwa jeuri. Unaiita jina lake, duara la taa ya buluu linawaka pale juu, unaona kabisa kwamba imekusikia, halafu taa inazunguka, inazunguka, mwisho inazimika kana kwamba hujasema kitu. Ukirudia kwa sauti ya juu zaidi, inakujibu kwamba kuna tatizo la intaneti. Intaneti hiyo hiyo ambayo mke wangu alikuwa chumbani anatazamia video.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyetufungia mitambo yote humu ndani: ruta, spika, na balbu ya sebuleni inayowaka kwa amri ya mdomo. Kwa hiyo nikampigia yeye. Akanieleza, kwa ile sauti ya fundi aliyechoshwa na mteja, kwamba spika yenyewe haina akili kivile. Inachokijua peke yake ni jina lake tu. Likishatajwa, maneno yanayofuata inayarusha kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, na jibu linatoka huko.

"Sasa yako jina inalisikia, ila njia ya kutokea imekwama. Chomoa waya, hesabu sekunde 30, chomeka. Basi."

Hilo "basi" ndilo lililonitia wasiwasi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na jioni hiyo alikuwa sebuleni anafuatilia tamthilia yake. Yeye na spika hawakuwa wanaelewana tangu siku alipofika. Usiku wa kwanza ilisikia neno kwenye televisheni lililofanana na jina lake, ikaanza kujibu kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Mama akanigeukia. "Mwanangu, huyu dada mnamlipa?"

Nikamwambia si mtu, Mama, ni mashine inayosikia tunachosema.

"Kama anasikia, mbona tangu nimeingia hajaniamkia?"

Basi nikaingia nyuma ya kabati la televisheni. Natamani siku moja nikutane na mtu aliyeamua kwamba kila waya duniani uwe mweusi. Wa televisheni mweusi, wa ruta mweusi, wa spika mweusi, na zote zimeingia kwenye ekstensheni moja iliyojibanza gizani, zimesukana kama nywele ambazo hazijaona kitana mwaka mzima. Nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono, nikaipata plagi iliyokuwa na joto kidogo, nikavuta.

Sebule ikawa kimya. Kwenye tamthilia, yule binti alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo amtaje baba wa mtoto.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, "alikuwa anataja jina."

Nikairudisha haraka, nikavuta nyingine. Kutoka chumbani: "Nani kazima waifai?" Nikairudisha na hiyo. Iliyobaki ndiyo ikawa ya spika. Nikahesabu mpaka 30 kwa sauti, maana shemeji alishanionya kwamba muda huo ni wa kusubiri umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vijidude vya ndani vinavyotunza umeme, uishe. Ukiwahi kuchomeka, kifaa kinaamka na ugonjwa wake ule ule. Nikachomeka. Ikawaka, ikapiga mlio mzuri, ikatangaza kwamba kuna tatizo la intaneti.

Safari hii ilikuwa inasema kweli. Ruta inachukua dakika kadhaa kuamka, na spika ilishaitangulia.

Nikampigia tena shemeji, nikamweka kwenye sauti kubwa ili mikono ibaki huru. Akasema sasa tuirudishe ilivyotoka kiwandani. "Bonyeza kitufe cha juu, kishikilie mpaka taa ibadilike rangi." Vitufe vya juu vilikuwa vinne. Fundi ndivyo walivyo, wanakuelekeza kana kwamba na wewe ulikuwepo wakati kitu kinaundwa. Nikabonyeza mojawapo na taa kweli ikabadilika: duara zima likawa jekundu.

"Amekasirika," mama mkwe akasema.

Nikaanza kuibembeleza. Spika yetu haijui Kiswahili, kwa hiyo humu ndani kila mtu ana Kiingereza chake cha puani cha kuongea nayo. Nikakitumia chote nilichonacho. Nikaiomba, nikaisihi, nikainamia kabisa. Kimya. Binti yangu akatoka chumbani, akatutazama sote wawili, mimi na spika.

"Baba, hicho ni cha kuzima maikrofoni. Umeiziba masikio."

Akarudi zake ndani.

Hapo ndipo mama mkwe alipoamua kusaidia. Jioni nzima amesikia zima, washa, zima, washa, na mkwe wake haendi mbele wala nyuma. Akanyanyuka, akaenda ukutani kwenye swichi ya taa, akaanza: zima, washa, zima, washa, zima, washa. Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba balbu nyingi za aina hii ukizizima na kuziwasha haraka haraka mfululizo zinasahau kila kitu, kisha zinaanza kupepesa kuomba ziunganishwe upya.

Yetu ikaanza kupepesa. Sebule inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kila mwanga ukirudi, mama mkwe namkuta amefika mahali pengine. Swichini. Mezani. Begani kwangu.

"Nimeitengeneza," akasema.

Katika hali hiyo nikakipata kitufe chenyewe, nikakishikilia mpaka taa ikawa ya rangi ya chungwa. Spika ikaamka, ikajitambulisha kwetu kwa furaha, haikumbuki hata mmoja wetu. Programu yake kwenye simu ikadai niwashe bluetooth, ikadai ijue niko wapi, mwisho ikaomba paswedi ya waifai.

Paswedi ya waifai ya nyumba hii aliiweka shemeji, siku alipofunga ruta. Sijawahi kuitamka mbele ya watu.

"Shem," nikanong'ona kwenye simu, "hii sehemu ya paswedi nitaimalizia mwenyewe baadaye."

"Baadaye ya nini? Si ile ile niliyokuwekea! Andika mkwemkali, yote pamoja, herufi ndogo, halafu 123!"

Balbu ikazima. Ilipowaka, mama mkwe alikuwa ananitazama mimi. Ikazima. Ilipowaka tena, alikuwa anaitazama simu.

"Hiyo sauti ya nani?"

"Ya mwanao, Mama." Nilimkabidhi bila hata kumeza mate.

"Nipe hiyo simu."

Nikampa. Upande wa pili shemeji alikuwa bado anaita: "Haloo? Shem? Umeshaandika? Shem?" Kisha akasikia anayehema si mimi.

"Shikamoo, Mama."

Angalau yeye aliamkia.

Sikuyasikia yote yaliyofuata kwa sababu mke wangu alitoka chumbani, na tukawa tunashikana mikono gizani na mwangani tusicheke. Ninachojua ni kwamba, alipomaliza kumpa mwanawe haki yake, mama mkwe alimwamuru amwelekeze hatua kwa hatua jinsi ya kubadilisha paswedi. Akaandika mpya kwa kidole kimoja, ametugeuzia mgongo. Papo hapo kila kifaa ndani ya nyumba kikatupwa nje ya mtandao. Akazunguka mwenyewe kukirudisha kimoja kimoja: spika, televisheni, simu zetu, balbu. Kila alipofika kwenye herufi, alitaka tutazame dirishani.

Spika sasa inajibu vizuri sana. Mama alisharudi kwake, na paswedi ameondoka nayo. Juzi shemeji alikuja na simu mpya, akaomba waifai. Nikampigia Mama. Akauliza kwanza ni nani anayeitaka, na nilipomtaja, akasema nimwambie anunue bando.