Kombe la IPL wanaleta warushaji, sifa wanapewa wapigaji

Kila ikitajwa IPL, ligi ya kriketi ya India, watu wanaanza kuhesabu makombe, Mumbai Indians 5, Chennai Super Kings 5, Kolkata Knight Riders 3, alafu ubishi unahamia kwa Rohit Sharma wa Mumbai na Dhoni wa Chennai nani nahodha mkali na unaganda hapo hapo. Mi huo ubishi umenichosha kwakweli. Hii ligi naifuatilia miaka mingi, mechi zao za usiku huku kwetu zinaanza saa kumi na moja jioni kwahiyo hata kukesha hukeshi, na kadri ninavyozidi kuangalia ndo naona kitu kile kile kinajirudia: mabingwa karibu wote walibebwa na warushaji, wale wanaorusha mpira kuwatoa wapinzani, alafu kombe likishanyanyuliwa picha kubwa ni ya mpigaji, yule anayekusanya mikimbio, yaani pointi.

Anza na ule msimu wa kwanza kabisa, 2008. Rajasthan Royals ndo timu iliyonunuliwa kwa hela ndogo kuliko zote, hakuna aliyewapa nafasi, nahodha ni Shane Warne ambaye alishastaafu timu ya taifa ya Australia na hapo hapo ndo kocha. Wakabeba. Watu wanamkumbuka Yusuf Pathan na mikimbio yake 56 kwenye fainali, ni sawa, lakini yeye huyo huyo alitoa wiketi 3 siku ile, yaani wapigaji watatu wa wapinzani! Na msimu mzima aliyeongoza kwa wiketi ni Sohail Tanvir wa Pakistan, wiketi 22, siku moja aliwatoa Chennai 6 peke yake kwa mikimbio 14 tu. Na mkimbio wa ushindi kwenye mpira wa mwisho wa fainali aliupiga Tanvir.

Sasa njoo kwa Royal Challengers wa Bangalore, hii timu ndo somo lenyewe. Miaka na miaka wamejaza wapigaji wa kutisha, Kohli, Gayle, de Villiers, ukiangalia hiyo orodha unasema mbona wenzao waende tu nyumbani. Fainali ya 2009 ile iliyochezwa Johannesburg kwasababu India walikuwa na uchaguzi, Deccan Chargers wameweka 143 tu, Kumble, mrushaji wa Bangalore, amewatoa wanne kwa mikimbio 16 akiwemo Gilchrist kwenye ova ya kwanza (ova moja ni mipira sita) bila mkimbio hata mmoja, na bado Bangalore wameshindwa kufika, wamekufa kwa mikimbio 6. Mchezaji bora wa mechi akawa Kumble ambaye timu yake imefungwa. Deccan wenyewe msimu wa 2008 walimaliza mkiani na leo hii hawapo, timu ilifutwa 2012, lakini ubingwa wao upo pale pale na hakuna wa kuwafuta.

Alafu 2016, huu msimu mpaka kesho unaniuma. Kohli alipiga mikimbio 973 na centuri 4 (mikimbio 100 au zaidi kwenye mechi moja), mpaka 2025 hakuna mtu mwingine aliyefika hapo kwa msimu mmoja. Fainali wanafukuza mikimbio 208 ya Hyderabad, yeye na Gayle wamefika 114 kabla ya wiketi ya kwanza kudondoka, mtu unaona kabisa kombe hilo linakuja, wakaishia 200. Hyderabad wakabeba. Na Hyderabad walikuwa na nini? Walikuwa na mpigaji Warner ndiyo, lakini walikuwa na Bhuvneshwar Kumar, mrushaji aliyeongoza kwa wiketi msimu ule, 23, na kwenye fainali hakutoa wiketi hata moja ila ova zake 4 zilitoka mikimbio 25 tu wakati wenzake wanapigwa kama ngoma. Hiyo kazi nani anaikumbuka?

Mumbai ndo usiseme. 2017 waliweka 129 kwenye fainali, hebu fikiria 129, na wakashinda kwa mkimbio mmoja. 2019 waliweka 149, wakashinda tena kwa mkimbio mmoja, mrushaji wao Malinga ova yake ya tatu alishachapwa mikimbio 20 na bado Rohit akampa ova ya mwisho ailinde mikimbio 9, mpira wa mwisho Chennai wanataka 2, ukamgonga Shardul Thakur mguuni mbele ya vijiti vya wiketi na mwamuzi akanyanyua kidole, katoka. Yaani makombe mawili yamekuja kwa mkimbio mmoja mmoja, hapo unamsifia mpigaji gani?

Ntakuwa muongo nikisema wapigaji hawajawahi kuleta kombe. 2018 Watson wa Chennai alipiga 117 bila kutoka mpaka mechi ikaisha, nakubali, ile siku ilikuwa yake. Na Kolkata 2012 na 2014 walifukuza mikimbio mingi sana kwenye fainali, Bisla 89, Manish Pandey 94. Lakini muulize mtu yoyote wa Kolkata nani amekuwepo kwenye makombe yote matatu, atakwambia mrushaji Sunil Narine, wiketi 24 mwaka 2012, 21 mwaka 2014. Na hiyo ya tatu, 2024, Hyderabad walikuja na wapigaji waliovunja rekodi ya ligi kwa 287 kwenye mechi moja, kila mtu anaongelea siksi tu (mpigo wa mikimbio 6), wamefika fainali Starc wa Kolkata akarusha ule mpira wa ova ya kwanza ukang'oa wiketi ya Abhishek Sharma, wakaisha wote kwa 113. Kolkata wakamaliza kazi ndani ya ova kumi na kidogo.

Kwahiyo 2025 Royal Challengers walipobeba kwa mara ya kwanza nililia kidogo, Kohli kasubiri misimu 18, na nilifurahi zaidi kwa jinsi walivyobeba. Kohli alipiga 43. Mchezaji bora wa fainali ni Krunal Pandya, ova 4, mikimbio 17, wiketi 2, na ndo huyo huyo aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya 2017 na Mumbai. Na Bhuvneshwar, yule aliyewanyima 2016, safari hii alikuwa kwao, ova ya 17 akatoa wawili. Ova ya mwisho wapinzani wao Punjab wanataka 29, Hazlewood wa Royal Challengers mpira wa kwanza hamna mkimbio, wa pili hamna mkimbio, na hapo Kohli alishaanza kufuta machozi uwanjani huku mipira minne bado haijarushwa. Shashank wa Punjab akapiga siksi 3 na mpigo mmoja wa mikimbio 4 kwenye hiyo iliyobaki, wakapungukiwa mikimbio 6.